Jalada Jeusi Lililofufua Sinema za Makaburini

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni msemo tunaoupenda sana, hasa pale tunapomwona mfanyabiashara anapiga kelele kupita kiasi kuhusu bidhaa yake. Wiki hii, wasikilizaji wapenzi, nataka tuupime msemo huo katika biashara ambayo wengi wetu hatukupata kuifikiria kwa makini, nayo ni biashara ya filamu za kutisha. Humo tutaona kwamba kitu chaweza kuwa kizuri kikakaa gizani miaka ishirini bila kujiuza hata kidogo, mpaka apatikane mtu wa kukivika nguo.

Mtu huyo anaitwa Nigel Wingrove, Mwingereza, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianzisha mjini London kampuni ya kanda za video iliyopewa jina la Redemption, maana yake ukombozi. Kazi ya kampuni hiyo ilikuwa kukusanya filamu za kutisha zilizotengenezwa Ulaya, hasa Ufaransa, Italia na Hispania, katika miaka ya 1960 na 1970, na kuziuza upya. Zilikuwa filamu za bei rahisi, za wanyonya damu, ndugu wa mbali wa mumiani wa masimulizi yetu, za makasri yaliyobomoka na za wanawake waliovaa mashuka meupe wakitembea makaburini usiku. Wapenzi wake walikuwa wachache, lakini ni wale wa kufa na kuzikana. Watu wengine wote walizihesabu kuwa takataka.

Ili kuelewa alichokifanya Wingrove, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Neno gothiki lenyewe lilianza kama tusi. Waitaliano wa karne ya 16 walilitumia kuyadharau majengo ya zama za kati, yenye matao yaliyochongoka, wakiyaita kazi ya Wagothi, yaani washenzi waliouvunja ufalme wa Roma. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole akachapisha hadithi yake ya kasri na mizimu, The Castle of Otranto, na chapa ya pili ya mwaka 1765 akaiita kisa cha kigothiki. Tangu hapo neno likahama kutoka kwenye mawe likaingia kwenye hofu. Kilichokuwa tusi kikawa mapambo. Kumbukeni jambo hilo, maana litajirudia.

Sinema ilipozaliwa, hofu hiyo ikapata chombo chake. Mwaka 1922 Mjerumani F. W. Murnau alitengeneza Nosferatu, na watu hadi leo wanakumbuka kivuli cha yule mnyonya damu kikipanda ngazi. Mwaka 1931 Marekani ikatoa Dracula, na mpiga picha Karl Freund akaelekeza miale myembamba ya taa kwenye macho ya Bela Lugosi, uso uliobaki ukafifia. Mwaka 1960 Mario Bava wa Italia, ambaye alikuwa mpiga picha kabla ya kuwa mwongozaji, akauonyesha uso wa Barbara Steele katika La Maschera del Demonio, kwa rangi nyeusi na nyeupe tupu. Mnaona basi kwamba tangu mwanzo kilichotisha hakikuwa damu. Kilitisha kivuli, kilitisha uso, kilitisha kile ambacho taa haikukimulika.

Lakini zilipokuja kanda za video, somo hilo lilisahaulika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila mtaa wa Uingereza ulikuwa na duka la kuazimisha kanda, na kanda hizo hazikuhitaji kupita mbele ya bodi ya ukaguzi kama filamu za majumba ya sinema. Ushindani ulikuwa mkali. Mteja husimama mbele ya rafu yenye makasha mamia, hajui hata moja, na anachokiona ni picha ya jalada tu. Ndugu zetu waliokuwa wakiazima kanda Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa miaka hiyo wanalielewa jambo hilo vizuri. Basi kila kampuni ikajitahidi kuwa na jalada la kutisha kuliko la jirani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa The Driller Killer, filamu ya Abel Ferrara ya mwaka 1979. Ilipotolewa kwa video nchini Uingereza, jalada lake lilimwonyesha mtu anatobolewa paji la uso kwa mashine ya kutobolea mbao. Picha hiyohiyo ikawekwa katika matangazo ya magazeti mwaka 1982, na malalamiko yakafika kwenye mamlaka ya kusimamia matangazo. Waliolalamika wengi hawakuwa wameitazama filamu. Walikuwa wameliona jalada. Makelele yakakua, magazeti yakashika bango, mwendesha mashtaka akatoa orodha ya filamu za kukamatwa, na kwa nyakati mbalimbali filamu 72 zikaingia humo. Mwaka 1984 Bunge likapitisha sheria kwamba kanda za filamu lazima zikaguliwe na kupewa cheti kabla ya kuuzwa. Naam, kibaya kilijitembeza, na kilipojitembeza kikakutana na polisi njiani.

Sasa tazameni hali aliyoikuta Wingrove. Filamu za kutisha zilikuwa na jina baya. Mwaka 1993 mtoto wa miaka miwili aliuawa eneo la Liverpool na watoto wenzake wa miaka kumi, na katika uchungu ule taifa zima lilitafuta wa kulaumiwa. Jaji alidokeza kanda za video zenye ukatili, na magazeti yakadaka, ingawa polisi waliochunguza hawakupata ushahidi wa uhusiano huo. Mwaka 1994 sheria ikakazwa zaidi. Wakati huo ndipo mtu anaamua kuuza filamu za wanyonya damu! Angetumia majalada ya damu kama wenzake wa miaka kumi iliyotangulia, angejitafutia balaa. Angetumia picha za ndani ya filamu zenyewe, nyingi zilikuwa zimechakaa au zilionyesha wazi umaskini wa utengenezaji.

Uamuzi uliofanywa ulikuwa wa ajabu kidogo. Mara nyingi jalada la Redemption halikuonyesha filamu iliyomo ndani. Kampuni ilipiga picha zake yenyewe, picha za mnato zilizopangwa kwa makusudi, na kuzifanya uso wa kanda zote. Ndani ya picha hizo alikuwemo mwanamke mwenye ngozi iliyopauka, midomo na macho yaliyotiwa wanja mzito, nguo nyeusi, na giza nyuma yake. Aliyejulikana zaidi kati yao ni mwigizaji Eileen Daly, ambaye alionekana kwenye majalada na pia katika kipande kifupi kilichotangulia filamu, kama mwenye nyumba anayempokea mgeni mlangoni. Baadaye, mwaka 1998, yeye mwenyewe aliigiza kama mnyonya damu katika filamu ya Razor Blade Smile.

Kwa nini picha nyeusi na nyeupe? Kwanza, kwa mpiga picha asiye na fedha nyingi, giza ni rafiki. Taa moja kali ikiwekwa ubavuni, nusu ya uso inang'aa na nusu inapotea, na chumba kinachopotea gizani hakihitaji fenicha wala mapazia ya thamani. Pili, picha isiyo na rangi haina tarehe. Filamu ya mwaka 1960 na ya mwaka 1979, moja ya Italia na nyingine ya Ufaransa, moja ya rangi na nyingine isiyo na rangi, zote zikivishwa jalada la aina moja huonekana kuwa watoto wa mama mmoja. Tatu, rangi nyeusi na nyeupe katika macho ya watu wa Ulaya ilikuwa imekwisha kuwa alama ya sanaa. Mtu anayeona aibu kubeba kasha lenye kichwa kilichotobolewa haoni aibu kubeba picha inayofaa kutundikwa ukutani.

Mbinu hii haikuanzia kwenye filamu. Wapenzi wa muziki wa jazi watakumbuka kampuni ya sahani za santuri ya Blue Note, mjini New York. Francis Wolff aliwapiga picha wanamuziki studioni, kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kuanzia miaka ya 1950 msanifu Reid Miles akazigeuza kuwa majalada ambayo mtu aliyatambua kutoka upande wa pili wa duka. Inasimuliwa kwamba Miles mwenyewe hakuwa mpenzi mkubwa wa jazi. Hata hivyo mteja aliweza kununua sahani ya mpigaji asiyemfahamu, kwa sababu aliiamini nyumba iliyoitoa. Redemption ilitafuta imani hiyohiyo. Mteja hakununua filamu moja, alinunua uraia wa nchi fulani ya giza.

Na wananchi wa nchi hiyo walikwisha kuwepo. Tangu mwaka 1979, kundi la muziki la Bauhaus lilipotoa wimbo uliobeba jina la Bela Lugosi, na tangu klabu ya Batcave ilipofunguliwa mjini London mwaka 1982, palikuwa na vijana waliovaa nguo nyeusi, wakajipaka unga mweupe usoni na kusoma hadithi za kale za mizimu. Lile tusi la kale, gothiki, walilivaa kama kilemba. Walipoziona picha za Redemption kwenye rafu walijiona wenyewe.

Aliyefaidika labda kuliko wote ni Mfaransa Jean Rollin. Filamu yake ya kwanza ndefu, Le Viol du Vampire, ilitolewa Paris mwaka 1968, katika siku zilezile za migomo na ghasia, na watazamaji wakaizomea. Kwa miaka mingi nchini kwake alidharauliwa. Na bado mtu huyo alikuwa na jicho la mshairi. Katika filamu nyingi alirudi kwenye ufuko mmoja karibu na Dieppe, wenye kokoto na nguzo za mbao zilizoliwa na bahari. Katika Fascination ya mwaka 1979 alimsimamisha Brigitte Lahaie na fyekeo mkononi kama malaika wa mauti. Picha hizo zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza, lakini hazikujiuza. Zilihitaji jalada la kumwambia mtazamaji, tulia, tazama hii kama unavyotazama mchoro. Rollin alifariki mwaka 2010. Mwaka 2012 kampuni ya Kino Lorber ya New York, kwa kushirikiana na Redemption, ilianza kuzitoa filamu zake kwa diski mpya zenye picha safi, zikatazamwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipozipiga.

Hata hivyo, wasikilizaji, haki lazima itendeke pande zote. Jalada ni ahadi, na ahadi ni deni. Wapo walionunua kanda kwa ajili ya yule mwanamke wa kwenye kasha, wakafika nyumbani wasimwone popote ndani ya filamu. Wapo pia walionunua jalada la sanaa wakakuta filamu dhaifu kweli, maana si kila kilichosahauliwa kilisahauliwa kwa makosa. Na liko swali la mwili wa mwanamke. Picha zile nyingi zilimweka kama chambo, nusu uchi, na kusema ni gothiki hakuondoi ukweli kwamba waliolengwa hasa walikuwa wanunuzi wa kiume. Kivuli kikimfunika mwanamke hakimpi heshima papo hapo.

Tena, jalada lina mipaka. Wingrove mwenyewe alikuwa ametengeneza filamu fupi ya dakika kama 18, Visions of Ecstasy, kuhusu maono ya Mtakatifu Teresa wa Avila. Mwaka 1989 bodi ya ukaguzi ilikataa kuipa cheti, ikisema kwamba huenda ikavunja sheria ya kukashifu dini. Alikata rufaa, akaenda hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwezi Novemba 1996 akashindwa kwa kura saba dhidi ya mbili. Sheria hiyo ya kukashifu ilifutwa Uingereza mwaka 2008, na mwaka 2012 filamu ikapewa cheti cha watu wazima. Hapo hakuna picha ya nje ambayo ingemsaidia, maana safari hii wakaguzi walikuwa wamefungua kasha na kutazama kilichomo.

Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo la kujifunza. Mwaka 1982 watu waliziona picha za majalada wakataka filamu zifungwe. Miaka kumi baadaye wengine waliona picha za majalada wakataka filamu ziheshimiwe. Kwa wote hao uamuzi ulianzia nje. Siku hizi kasha la kanda limetoweka, mahali pake pamekuja kijipicha kidogo kwenye simu ya mkononi, lakini mchezo ni uleule, na anayekichagua kijipicha hicho bado anatuchagulia sisi kipi tukitazame na kipi tukipite.

Kwa hiyo msemo wa wahenga tuuongezee mkia. Kizuri chajiuza, lakini kwanza mtu akivute kutoka gizani. Kibaya chajitembeza, na mara nyingine hutembea kimevaa nguo za kizuri. Kazi ya kuvua nguo hizo na kutazama kilichomo, hiyo imebaki kwetu sisi wanunuzi. Hadi wiki ijayo, nawatakia siku njema.