Uigaji na Uigizaji: Istilahi Mbili kwa Mwanaprogramu wa Roboti

Emulesheni na simulesheni mara nyingi hupewa jina moja: uigaji. Mwanaprogramu wa roboti akiambiwa "ijaribu kwanza kwenye uigaji", hajui afungue chombo kipi. Napendekeza emulesheni iwe uigaji, na simulesheni iwe uigizaji. Kuiga ni kufuata tabia ya kitu kimoja hatua kwa hatua. Kuigiza kunataka jukwaa na wahusika, na mtazamaji anakubali kwamba upanga ni wa mbao.

QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, ni kiigaji. Huchukua amri za kichakataji cha ARM, kwa mfano, na kuzigeuza ziwe amri zinazoeleweka na kompyuta ya mezani. Faili lile lile utakalolipakia kwenye roboti ndilo linaloendeshwa. Bodi ya STM32VLDISCOVERY, mojawapo ya zile inazoziiga, ina kilobaiti 8 tu za RAM. Programu iliyovimba kupita hapo itaanguka mapema, ukiwa bado mezani.

Gazebo, iliyoanza mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, ni kiigizaji. Chipu haiihusu kabisa. Msimbo wako huendeshwa kama programu nyingine yoyote ya kompyuta, huku Gazebo ikikokotoa uvutano, msuguano, uzito wa kila kiungo, na hata picha ambayo kamera ingeiona. Mwezi Juni 2013, shirika la DARPA la Marekani liliendesha shindano zima humo: timu ziliiongoza roboti Atlas itembee, iendeshe gari na kuunganisha bomba la maji, kabla ya timu bora kukabidhiwa Atlas ya chuma.

Kwa hiyo mimi huanza na swali: shaka yangu iko wapi? Kama ni mkono kuiangusha roboti unaponyooshwa, kuiga kichakataji ni kupoteza muda. Kama ni kiendeshi cha kihisi au mpangilio wa kumbukumbu, hata jukwaa zuri kiasi gani halitaonyesha kitu.

Kasi ndiyo inayoviponyoka vyote viwili. QEMU haifuati mizunguko ya saa ya chipu halisi, na Gazebo ina saa yake yenyewe. Kitanzi kinachotakiwa kumalizika ndani ya milisekunde moja hupimwa kwenye bodi yenyewe, kwa osiloskopu.