Karata za Bwenini na Karanga za Nachingwea

Katika poka mwenye karata 5, 4 zikiwa kopa, akibadilisha moja hana budi kuhesabu: asizoziona ni 47, kopa zilizobaki ni 9. Nafasi yake ni kama moja katika tano. Mkono mzuri bado si ushindi.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mpango wa Karanga. Wakaanza kujenga reli ya Nachingwea na bandari ya Mtwara kabla ya kujaribu kilimo chenyewe katika shamba dogo. Januari 1951 mpango ukavunjwa. Pauni milioni 36 zimepotea. Reli ilifungwa mwaka 1962. Bandari, iliyofunguliwa 1954, leo yapakia korosho.

Sisi wa zamani tulihesabu zilizo mkononi. Ninyi hesabuni zilizobaki.