Stika za Njia ya Uru

Katika barabara kuu nyingi za California, njia ya kushoto kabisa ina alama nyeupe iliyochorwa juu ya lami, yenye umbo la uru wa karata. Maana yake ni kwamba njia hiyo ni ya mabasi, pikipiki na magari yenye watu wawili au watatu na kuendelea, dereva akiwemo. Kuanzia 2000 hadi 2025 walipita humo pia madereva wasio na abiria hata mmoja, ilimradi gari lisitoe moshi au litoe kidogo sana. Kibali chao kilikuwa stika za rangi zilizobandikwa ubavuni na kwenye bampa la nyuma.

Njia zenyewe ni za zamani kuliko stika. Mwaka 1969 Virginia ilitenga njia ya mabasi katika Shirley Highway, barabara inayoelekea Washington kutoka kusini, na mwaka 1973 ikayaruhusu humo magari madogo yenye watu wanne au zaidi. Mwaka huohuo nchi za Kiarabu ziliisusia Marekani mafuta, na kupeana lifti, ambako kulikuwa jambo la majirani na wafanyakazi wenza, kukawa sera ya serikali. Kilichohesabiwa wakati ule ni vichwa: njia moja ingesafirisha watu wangapi kwa saa. Kila gari lilitoa moshi, na hakuna aliyeuliza lipi linatoa zaidi.

Los Angeles ilijifunza kwa aibu. Tarehe 15 Machi 1976 idara ya barabara ya jimbo, Caltrans, ilichukua njia moja kila upande wa Santa Monica Freeway na kuipa mabasi na magari yenye watu watatu au zaidi saa za msongamano. Waliobaki walibanana kwenye njia zilizosalia huku wakiitazama njia nyeupe pembeni yao. Ajali ziliongezeka, kesi zikafunguliwa, na Agosti jaji wa mahakama ya shirikisho, Matthew Byrne, akausimamisha mpango huo ukiwa na umri wa wiki 21. Tangu hapo Caltrans ilizoea kujenga njia mpya badala ya kupokonya iliyopo. Hata hivyo, kwa dereva aliyekwama, njia yenye nafasi ni chukizo hata kama imejengwa upya. Wanasiasa walilijua hilo, na nafasi hiyo ndiyo waliyokuja kuigawa.

Wazo lilikuwa jepesi na, kwa mhasibu wa serikali, tamu: kumtuza mnunuzi wa gari safi kwa muda badala ya fedha. Virginia ilianza katika miaka ya 1990 kwa kutoa namba maalumu kwa magari ya mafuta safi, na mwaka 1998 Bunge la Marekani likayapa majimbo yote ruhusa ya kufanya hivyo kwa magari yenye moshi hafifu kabisa. California ilipitisha sheria yake mwaka 1999, na stika nyeupe zikaanza kutumika Julai 2000. Waliostahili walikuwa wachache: magari ya umeme, ambayo watengenezaji waliyatoa kwa kusitasita, na magari ya gesi asilia kama Honda Civic GX. Njia haikuhisi lolote.

Mambo yalibadilika yalipokuja magari ya haibridi, yanayochanganya petroli na umeme. Septemba 2004 Gavana Arnold Schwarzenegger, aliyefahamika pia kwa kupenda magari makubwa aina ya Hummer, alitia saini sheria ya stika za njano kwa haibridi zenye uwezo wa kwenda maili 45 kwa galoni, yaani kama kilomita 19 kwa lita. Ilibidi kusubiri idhini ya Washington, iliyopatikana Agosti 2005. Yaliyofikia kiwango hicho yalikuwa ya Kijapani matupu: Toyota Prius, Honda Civic Hybrid na Honda Insight. Ford Escape ya haibridi, iliyotengenezwa Marekani kwenyewe, ilibaki nje.

Stika zilipangwa kuwa 75,000, kisha zikaongezwa hadi 85,000, na Februari 2007 zilikuwa zimekwisha. Ada yake ilikuwa dola 8. Kwa kuwa stika ilikwenda na gari hata likiuzwa, Prius iliyotumika yenye stika ilianza kuuzwa ghali kuliko mwenzake asiye nayo, na tofauti ilikuwa ya maelfu ya dola. Serikali ilikuwa imetengeneza mali kwa karatasi ya gundi. Zilianza pia kuibwa, ingawa zilitengenezwa kwa namna ya kuchanika mtu akijaribu kuzibandua.

Virginia ilikuwa imeshaonja upande wa pili wa mafanikio. Haibridi zenye dereva peke yake ziliongezeka katika njia za I-95 na I-395 hadi wenye kubeba abiria wakalalamika kwamba wanacheleweshwa, na waliochukua namba hizo kuanzia Julai 2006 wakanyimwa nafuu hiyo katika barabara hizo. Sheria ya shirikisho nayo iliweka kipimo: njia ikishindwa kudumisha mwendo wa maili 45 kwa saa, sawa na kilomita 72, kwa asilimia 90 ya saa za msongamano katika siku 180, jimbo lichukue hatua.

California ilizifuta stika za njano tarehe 1 Julai 2011. Ilitarajiwa kwamba njia ya uru ingeenda kasi. Michael Cassidy na Kitae Jang, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliona kinyume chake: njia zote zilipungua mwendo, ya uru ikiwemo. Haibridi zilizoondolewa ziliongeza msongamano upande wa pili, na dereva wa njia ya uru, akipita kando ya magari yaliyosimama, hupunguza mwendo kwa kuhofia atakayechomoka ghafla mbele yake.

Stika hazikufa. Kuanzia 2012 zilitolewa za kijani kwa haibridi za kuchaji, kwanza 40,000, kisha idadi ikapandishwa mara kadhaa hadi kikomo kikaondolewa kabisa mwaka 2016. Nguvu yake ilionekana kwa Chevrolet Volt, ambayo toleo lake la kwanza halikufikia kiwango cha moshi. Kampuni ililirekebisha gari ili lipate stika. Sheria ya 2017 ilileta utaratibu wa rangi mpya kila mwaka, kila rangi na tarehe yake ya kufa: nyekundu, zambarau, chungwa, buluu na nyinginezo. Askari wa barabarani alilazimika kukumbuka rangi na mwaka wake, kazi juu ya ile ya kuwabaini wanaovalisha midoli kofia na kuifunga mkanda. Arizona, Januari 2020, abiria wa namna hiyo alikuwa kiunzi cha mifupa cha bandia.

Ruhusa ya shirikisho ilikuwa na ukomo wake, 30 Septemba 2025. California ilikuwa tayari kuendelea hadi 2027, lakini Bunge la Marekani halikuongeza muda. Stika zilizokuwa hai siku hiyo zilizidi nusu milioni. New York, iliyokuwa na mpango kama huo tangu 2006 katika Long Island Expressway, iliufunga siku ileile. Sheria ya California iliwapa madereva siku 60 za kuzoea kabla ya kuanza kuandikiwa faini, ambayo kwa kosa la kupita peke yako katika njia ya uru huanzia dola 490.