Maua ya Ushanga: Bei ya Mtu Yawa Zawadi ya Altari

Kati ya zawadi ambazo akina mama hutengeneza kwa mikono yao kwa ajili ya Jubile, maua ya ushanga yanastahili neno la historia. Maua ya shambani hunyauka upesi; haya hudumu. Lakini ushanga umepita njia ndefu kabla ya kufika altarini, wala njia hiyo haikuwa safi yote.

Katika karne ya 19, huko Ufaransa, watu waliweka juu ya makaburi mataji ya maua yaliyotengenezwa kwa ushanga wa kioo na waya, ili mvua na baridi visiyaharibu. Ushanga mwingi wa Ulaya ulitoka Venezia. Huko wanawake maskini, wakiketi mbele ya milango yao, waliutunga katika nyuzi kwa ujira mdogo sana. Mwaka 1904 waligoma. Basi tangu mwanzo, uzuri huu ulikuwa na jasho la mama ndani yake.

Ushanga wa Venezia ulifika pia kwetu. Ulishuka Unguja, ukabebwa vichwani na wapagazi hadi Ujiji, ukavuka Tanganyika, ukaingia Maniema. Ujiji ushanga ulioitwa sofi ulikuwa fedha ya soko. Wasafiri wa miaka ya 1857-1859 waliandika kwamba ule mwekundu, sami-sami, ulipewa jina la utani la kumaliza chakula, kwani watu waliutamani hata kuliko posho ya nyumba. Kwa ushanga na nguo walinunua mihogo na samaki. Kwa hivyo hivyo walinunua pembe za ndovu, na hata watu.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1880 walianza misioni Masanze, ng'ambo yetu ya ziwa. Hao nao walitoa bidhaa za biashara ili kuwakomboa watoto watumwa. Tuseme kweli: mtoto aliyekombolewa hakurudi daima kwa wazazi wake, alikua chini ya amri ya misioni. Hata hivyo, kati ya watoto kama hao walitoka Wakristu wa kwanza wa nchi hii. Mali iliyofunga watu ilitumika kuwafungua.

Tazameni sasa kazi ya mama. Hutunga ushanga katika waya mwembamba, hukata kijiti kifupi cha waya kuwa moyo wa petali, kisha huuzungusha ule wa ushanga mstari kwa mstari, juu na chini, mpaka petali ipanuke. Petali zikitimia, huzikusanya pamoja, husokota miguu yao iwe kikonyo kimoja, na kukifunika kwa uzi. Punje moja peke yake si kitu. Ikipotea katikati ya mstari, pengo huonekana.

Ndivyo lilivyo Kanisa la mahali. Wazee wetu walihesabiwa kwa punje za ushanga, kila mmoja na bei yake. Leo wajukuu wao wanahesabu punje hizo kwa hiari, wala hawaombi malipo. Mtakapoyaona maua hayo mbele ya altari, msiseme ni pambo tu. Mkumbuke waliouzwa, mwaombee, na mmshukuru Mungu aliyetukomboa bure.