Aliyetumwa na Aliyemtuma

Mwaka 1885 Mangi Rindi, mtawala wa Wachaga wa Moshi chini ya Kilimanjaro, alifikiwa na mawakili wawili wa mabwana wawili. Wa kwanza alikuwa Lloyd Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar. Aliwaandikisha wamangi kuwa wako chini ya Sultani. Muda si mrefu akapanda Karl Jühlke, mtu wa Mjerumani Carl Peters, naye akashuka na mkataba wa Rindi mkobani. Mwaka uliofuata Uingereza na Ujerumani zikapatana, mlima ukawa upande wa Wajerumani. Kutangulia hakukumfaa Mathews kitu. Bwana wake hakuwa na manowari za kutosha.

Pwani uwakili ulikuwa jambo la kawaida siku nyingi. Bwana harusi aliye safarini humweka wakili, ndoa ikafungwa. Waingereza walikuja na Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na mwaka 1961 Tanganyika ikatunga yake, yenye sura nzima ya uwakala. Neno wakili likabaki, kwa watu wengi, la yule wa joho jeusi. Ajabu ni kwamba huyo kwa miaka mingi hakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Ndugu wa mdai ndiye aliyeweza kupewa ruhusa ya kumsemea.

Leo uwakili wa kusimama badala ya mwingine uko Shirimatunda, kata ya Manispaa ya Moshi, kwenye viwanja. Mwenye kiwanja yuko Dar es Salaam au ng'ambo, anamwachia mdogo wake auze. Hati ya uwakilishi hubandikwa picha za wote wawili. Chini saini, dole gumba, na mhuri wa wakili aliyeshuhudia. Namba ya kiwanja na kitalu zisipoandikwa sawasawa, kazi imeharibika.

Ila mwenye mali akifa, hati hiyo imekufa naye, hata kama wino haujakauka. Hapo mdogo mtu hana tena la kuuza. Ukoo lazima ukae, muhtasari wa kikao uandikwe, upelekwe mahakamani ateuliwe msimamizi wa mirathi, na kikao cha Wachaga mara nyingi husubiri Desemba watu warudi nyumbani. Kwa hiyo mnunuzi aliyewahi kuungua, kabla ya kuuliza bei, huomba apigiwe simu ya video mwenye kiwanja.