Sammy Baloji na watu wa picha wasio na majina

Lubumbashi yote inaijua teril, mlima ule mweusi wa takataka za madini, pamoja na bomba refu la moshi lililo pembeni yake. Limechapishwa kwenye kalenda na kwenye vitambaa, na kila mgeni anayefika mjini hulipiga picha. Ila picha hizo mara nyingi hazina mtu. Anaonekana mlima, linaonekana bomba, lakini aliyelisha moto wa tanuru haonekani.

Mpiga picha mmoja mzaliwa wa mji huu amefanya kazi zaidi ya miaka ishirini kwa ajili ya pengo hilo. Ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Leo kazi zake zimeonyeshwa Bamako, Paris, New York, Venice na Kassel. Wengi husimulia safari yake kama hadithi ya mtu aliyetoka mtaani akapata zawadi Ulaya. Ukiifuata hatua kwa hatua, unaona jambo lingine: amebadilisha vifaa mara nyingi, kutoka kamera hadi kompyuta, kutoka karatasi hadi shaba, kutoka picha hadi filamu, lakini swali lake halikubadilika. Nani alisimama hapa kabla yetu, na kwa nini hatumjui jina?

Kutoka michoro hadi kamera

Baloji hakuanza na kamera. Alianza na hadithi za michoro, zile ambazo vijana wa Kongo huziita bande dessinée, na kamera ilimsaidia kupata mifano ya kuchora. Alisoma sayansi za habari na mawasiliano kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na baadaye akajifunza zaidi picha na video Strasbourg, Ufaransa. Polepole kamera ikachukua nafasi ya kalamu.

Shule yake kubwa ya mwanzo ilikuwa majengo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipiga picha za nyumba na viwanda vilivyojengwa wakati wa Wabelgiji, Lubumbashi na Likasi. Kazi ya namna hiyo inataka subira: kusimama mbali, kunyoosha mistari, kungoja mwanga. Inamzoeza mtu kuona kwamba ukuta una tarehe, na kwamba kuna aliyeujenga.

Wakati huo viwanda vilikuwa katika hali gani? Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba. Serikali iliichukua kampuni mwaka 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Miaka kumi baadaye, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari. Watu waliozoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama wakajikuta yatima. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya watu hao kwa maneno ya Kifaransa yenye maana ya Bana Shaba walioachwa na baba yao.

Baloji aliingia na kamera yake katika mabaki hayo.

Mkasi na kumbukumbu

Kati ya mwaka 2004 na 2006 alitengeneza mfululizo aliouita Mémoire, yaani kumbukumbu. Alipiga picha za rangi za viwanda vilivyokufa: paa zilizotoboka, kutu, majani yanayoota kwenye reli. Kisha akachukua picha za zamani za weusi na weupe zilizopigwa wakati wa ukoloni. Ndani yake mna wafanyakazi waliosimamishwa mstari, wengine wamefungwa minyororo, na mabwana wa Kizungu wenye kofia zao. Kwa kompyuta aliwakata watu hao kutoka picha za zamani akawasimamisha katika mabaki ya leo.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Hata mtoto anaweza kukata picha kwa mkasi na kuibandika juu ya nyingine. Nguvu yake ni kwamba Baloji hakuficha ukataji. Mtu wa zamani anabaki mweusi na mweupe, na kiwanda kinabaki na rangi zake. Jicho linajua mara moja kwamba hawa wawili hawakukutana, na hata hivyo mmoja amejengwa na mwingine. Mwaka 2006 alitengeneza pia video yenye jina hilohilo, ambamo mcheza ngoma Faustin Linyekula anacheza ndani ya mabaki ya kiwanda.

Picha hizi hazilii tu juu ya uzuri uliopotea. Wazee wengi wa Lubumbashi hukumbuka wakati wa posho, hospitali na shule za kampuni, na wana haki ya kukumbuka. Lakini minyororo iliyo shingoni mwa watu wale inakataza kumbukumbu isiwe tamu peke yake. Chakula kilikuwepo, na fimbo ilikuwepo.

Bamako, kisha kurudi nyumbani

Mwaka 2007 kazi yake ilipata zawadi mbili kwenye maonyesho ya picha ya Afrika yanayofanyika Bamako, Mali. Milango ikafunguka. Mwaka 2009 alipata tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi. Mwaka 2010 New York iliona maonyesho yake yenye jina The Beautiful Time.

Angeweza kuondoka na asirudi. Badala yake, mwaka 2008, pamoja na mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao, alianzisha Picha. Jina ni la Kiswahili chetu, halihitaji tafsiri. Ndani yake yakazaliwa maonyesho ya kimataifa ya Lubumbashi, yanayojulikana kama Biennale. Ya kwanza yalifanyika mwaka 2008, yakafuatwa na ya 2010, 2013, 2015, 2017, 2019, 2022 na 2024. Wasanii wa nje wakaanza kuja hapa, na vijana wa hapa wakaona kazi kubwa bila kuomba viza. Georges Senga, mpiga picha wa Lubumbashi mwenye sifa leo, ni mmoja wa waliokulia karibu na nyumba hiyo.

Ndani ya makumbusho ya Wabelgiji

Hatua iliyofuata ilikuwa mwaliko wa kukaa na kufanya kazi kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, mahali ambapo vitu na picha nyingi za Kongo zimehifadhiwa. Baloji na Mudekereza walikwenda pamoja, na mwaka 2011 wakaonyesha Congo Far West.

Baloji alichagua safari ya Charles Lemaire, ofisa Mbelgiji aliyepita Katanga kati ya mwaka 1898 na 1900. Lemaire alikuwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Michel alipiga watu kama vielelezo, uso kwa uso, huku Dardenne akichora milima na mito yenye rangi za kupendeza. Baloji aliweka kazi hizo mbili pamoja: watu wa Michel mbele ya nchi ya Dardenne. Ghafla mtu aliyepigwa kama kitu cha kupimwa anaonekana akiwa katika nchi yake. Mkasi ni uleule wa Mémoire, ila safari hii hakuna picha hata moja aliyoipiga mwenyewe. Hapo alijifunza kwamba mpiga picha anaweza kufanya kazi bila kubonyeza kamera.

Nzi hamsini

Mwaka 2013 aligeukia ramani ya mji wetu. Kazi inayoitwa Essay on Urban Planning imekusanya picha za Lubumbashi zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za wadudu waliohifadhiwa katika makumbusho ya mji.

Wadudu na mji vinahusianaje? Wakoloni waliacha uwanja mtupu wa upana wa mita 500 hivi kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kama Kamalondo. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbu: walidhani hawezi kuruka mbali hivyo kubeba malaria. Na kulikuwa na wakati ambapo mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kabla ya kupewa posho yake. Ukiitazama kazi hiyo, unaelewa kwamba umbali kati ya kartiye na kartiye haukuja wenyewe. Hata jina la Golf, linalotajwa kila siku bila kufikiriwa, linatokana na uwanja wa mchezo wa Wazungu wa wakati ule. Mji una kumbukumbu, ingawa wakaaji wake wamesahau.

Shaba yenyewe inasema

Mwaka 2014 na 2015 Baloji alifundishwa kwa karibu na Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, katika mpango wa kampuni ya Rolex unaounganisha msanii mkubwa na mdogo. Mwaka huo wa 2015 alishiriki maonyesho ya Venice, Italia. Huko alionyesha kuba la shaba lililochorwa alama za kuchanja mwilini, zile ambazo wengine huita chale na wengine nembo.

Kwa nini shaba? Kwa sababu ndiyo iliyotoka hapa. Ilijenga paa za makanisa ya Ubelgiji na ikatengeneza risasi na mizinga ya vita vya Ulaya. Wazee walijichora nembo ili mtu ajulikane ukoo wake. Baloji alizichora juu ya shaba ili nayo ijulikane kwao ni wapi.

Mwaka 2017, kwenye maonyesho ya documenta 14, alionyesha filamu ya kiwanda ambamo shaba inavutwa hadi kuwa nyaya, huku akikumbusha kwaya ya watoto ya Elisabethville iliyojulikana kwa jina la msalaba wa shaba. Wazee wa parokia za hapa watakumbuka. Filamu yake ndefu ya mwaka 2025, juu ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Yangambi na Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo Mkongomani, ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la Rotterdam.

Picha ya mtu aliyehama

Kuna kazi moja inayowahusu hasa waliokimbia vita. Mwaka 2014, huko Ostend, Ubelgiji, Baloji alionyesha Hunting and Collecting. Alianza na albamu ya Henry Pauwels, ofisa aliyewinda wanyama mashariki ya Kongo kwa ajili ya makumbusho mwanzoni mwa karne ya 20. Alifanya kazi na Chrispin Mvano, mwandishi wa habari wa Goma aliyepiga picha za vita vya Kivu. Albamu ya mwindaji na picha za vita zikawekwa katika chumba kimoja.

Hapo linatokea jambo gumu. Picha za waliohama makwao huzunguka dunia kila wiki: mama mwenye godoro kichwani, mtoto mwenye kidumu cha maji. Chini yake huandikwa tu kwamba ni wakimbizi. Picha za wafanyakazi wa Union Minière nazo zilihifadhiwa hivyo. Mashine ilijulikana jina na mwaka. Mtu aliyesimama kando yake aliitwa mfanyakazi, basi. Miaka 100 imepita, na hata msanii mwenye vipaji vyote hawezi kumrudishia mtu jina ambalo hakuna aliyeliandika. Anaweza kumsimamisha upya tu, ili tuone kwamba jina halipo.

Kazi hiyo ya jina haingoji msanii. Familia iliyokimbia na picha tatu ndani ya mfuko wa plastiki inaweza kugeuza kila moja na kuandika nyuma kwa kalamu: nani, wapi, mwaka gani, aliyesimama kushoto ni mtoto wa nani. Aliye na picha ndani ya simu amtumie ndugu aliye mji mwingine pamoja na majina, kwa maana simu huibwa na huanguka majini. Na wazee waulizwe sasa, wangali wanakumbuka sura.

Baloji ametumia kamera, mkasi, shaba na filamu kuwatafuta watu ambao hakuna aliyewaandika. Wajukuu wetu wasije wakahitaji kututafuta hivyo.