Mbulu na Hanang: Mnyama wa porini alivyopimwa bila mizani

Buchani nyama ni kilo. Lakini kwenye bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, hesabu ya mnyama aliyewindwa ni nyingine kabisa.

Huko wanaishi Wahadzabe, wanaowinda kwa upinde na mishale ya sumu. Kwao, mnyama hupimwa kwa jinsi anavyogawanywa.

Mnyama mdogo

Pimbi, kanga au digidigi hana masharti makubwa. Mwindaji anaweza kula kidogo hukohuko porini, kinachobaki anapeleka nyumbani.

Mnyama mkubwa

Akianguka pofu au punda milia, mambo yanabadilika. Nyama ni ya kambi nzima, na wakati mwingine kambi ndiyo inahamia alipo mnyama.

Sehemu maalumu, kama moyo, figo na ulimi, huitwa epeme. Hizo ni za wanaume wazima tu, nao huzila pamoja faraghani. Kwa wanawake na watoto ni mwiko.

Kijana akishaua mnyama mkubwa, naye anaweza kuingia kwenye kundi hilo. Kwa hiyo mnyama anampima hata mwindaji.

Hanang: malipo ni ng'ombe

Kwa Wabarabaig, ambao ni wafugaji wa jamii ya Wadatoga, thamani ilihesabiwa kwa mifugo. Zamani, aliyeua simba au tembo kwa mkuki alihesabiwa ameua adui wa watu. Ndugu zake walimzawadia ng'ombe.

Hata nyangumi

Visiwa vya Faroe, Ulaya Kaskazini, wana kipimo chao cha nyangumi kiitwacho skinn, neno lenye maana ya ngozi. Skinn moja ni kilo 38 za nyama na kilo 34 za mafuta. Kwa kipimo hicho, wanakijiji hujua nani anapata kiasi gani.

Hali ya sasa

Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kuwinda bila kibali ni kosa. Mashamba na mifugo navyo vimesogea, wanyama wamepungua.

Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000. Hati hiyo inalinda zaidi ya pori. Pofu akitoweka, epeme nayo inabaki jina tu.